Nyumba ya Mawe Ikigeuzwa ya Wageni: Tuliyojifunza Lamu

Ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu iliyogeuzwa ya kulaza wageni, usianze kuangalia mlango wa nakshi wala zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Sogeza kitanda cha chumba cha chini, uchuchumae, ugonge ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Ukisikia mvungu, kama unayegonga mtungi mtupu, ujue plasta imeshaachana na jiwe. Ibandue kidogo kwa patasi. Nyuma yake utakuta unga mweupe wa chumvi, na jiwe lenyewe ukilipitishia ukucha linamomonyoka kama sukari guru. Plasta hiyo ni ya saruji. Ilipakwa ili ukuta upendeze msimu wa wageni ukifika, na ulipendeza kweli, miaka mitatu minne.

Sisi tunaoshughulika na nyumba hizi tumegonga kuta nyingi za namna hiyo. Ndiyo maana mjadala wa kama mji wa kale uachwe ufanyiwe biashara au ulindwe, unaorudiwa kila kukicha barazani na mikutanoni, tunauona umeanzia pasipo pake. Nyumba ya Mkomani, mtaa wa kale wa nyumba za mawe, isiyoingiza chochote inaanguka. Haihitaji mtalii kuiangusha: masika mawili juu ya dari iliyopasuka yanatosha, na warithi kumi na wawili wasioafikiana nani atoe pesa ya chokaa wanamaliza iliyobaki. Nyumba inayoingiza pesa nyingi nayo inaanguka, kwa njia nyingine na kwa haraka zaidi. Tulichokiona kikiamua ni vitu vya kuhesabika: vyoo vingapi vimeongezwa, tangi lina uzito gani na limekaa wapi, plasta ina nini ndani yake, na jioni wakitoka msikitini nani anarudi kulala mtaa ule.

Na mgeni wa kibiashara si jambo geni hapa. Wazee waliojenga nyumba hizi walimtengea chumba chake, sabule, karibu na mlango, na mara nyingi kikiwa na ngazi na choo chake. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi kutoka Arabuni au Bara Hindi alikaa humo mpaka kusi ivume arudi kwao. Aliingia dakani (kibaraza cha mlangoni), akapita tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), akapanda sabule bila kukanyaga msana (ukumbi mrefu wa familia) wala kuona ndani ya watu. Mahali pa mgeni palijulikana, na idadi ya wageni ilijulikana: chumba kimoja. Nyumba nyingi za siku hizi zimefanya kinyume. Zimechukua kila chumba kikawa sabule, zikaweka choo kila pembe, na wenyewe wakahamia mitaa ya pembeni, Gardeni au Wiyoni.

Tuanze na chokaa, kwa kuwa makosa mengi yanaanzia hapo.

Ukuta wa Lamu ni mawe ya matumbawe, mengi yakichimbwa upande wa Manda, yakashikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayohayo. Unene wake ni karibu nusu mita. Ni ukuta unaopumua: unavuta maji kutoka ardhini na unyevu wa bahari hewani, kisha unayatoa juani na kwenye upepo. Chumvi hutoka pamoja na maji ikabaki juu ya plasta, na plasta ya chokaa huchakaa polepole badala ya jiwe. Hiyo ndiyo kazi yake, kuchakaa ili jiwe lisichakae. Ukiipaka saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi ndani ya ukuta, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, inaganda, inatanuka, na inalipasua jiwe chembe kwa chembe. Saruji haidhuriki haraka, ndiyo hatari yake. Siku itakapodondoka itakuwa imebeba sentimita mbili tatu za ukuta.

Chokaa nzuri haina siri, ina subira. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo kwenye tanuu na kuchomwa mpaka yawe meupe na mepesi. Moto usipofika nyuzi 900 hivi, katikati ya jiwe hubaki kiini kigumu kisichoiva. Mawe yaliyoiva yakitiwa maji huchemka yenyewe na kuvunjika kuwa unga au uji. Hapo ni hatari: chokaa mbichi huunguza ngozi na kupofua macho, kwa hiyo fundi avae miwani na glavu, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Tia chokaa ndani ya maji. Usimimine maji kidogo juu ya rundo la chokaa, yatakurukia. Uji huo uchujwe kwa wavu wa chekecheke, uingizwe shimoni au kwenye pipa, ufunikwe kwa maji ya juu kama kiganja, uachwe. Wiki tatu ndio mwisho wa chini. Miezi mitatu ni bora zaidi. Chembe ambayo haikuiva shimoni itaivia ukutani, na utaiona kwa vishimo vidogo vinavyofumuka kama tetekuwanga miezi baada ya kazi kwisha.

Mchanganyiko wa plasta ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Mchanga ndio unaowaponza wengi. Wa pwani una chumvi, na ukiutumia umeipaka nyumba ugonjwa kwa mikono yako. Uonje kwa ncha ya ulimi. Ukiwa na ladha ya chumvi, uoshe kwa maji matamu mara mbili tatu, uonje tena. Wala usiende kuuchota kwenye vilima vya Shela. Vilima vile ndivyo vinavyopokea mvua na kuyahifadhi maji matamu chini yake, na visima vya huko ndivyo vinavyounywesha mji. Atakayejenga vyumba vya wageni kwa mchanga wa Shela anauza kiu ya mwakani.

Ukuta uloweshwe vizuri kabla ya kupaka, la sivyo jiwe litaunyonya uji wote na plasta itabaki vumbi. Tabaka moja lisizidi sentimita moja. Subiri lishike, siku tano hadi kumi kulingana na hewa, ndipo uweke la pili. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, uyarudie asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Chokaa haikauki kama udongo. Inaganda kwa kuvuta hewa ya ukaa, na bila unyevu haivuti. Wakati mzuri ni kusi ikitulia, Agosti hadi Oktoba. Ukipaka Januari juani, juma moja tu utaona nyufa kama utando wa buibui, na ukipitisha kiganja kinatoka cheupe.

Hapo sasa ndipo biashara na chokaa vinapogombana, na ugomvi wenyewe ni wa kalenda. Mwenye nyumba ana wageni wa Desemba. Anaanza kazi Novemba. Fundi anamwambia miezi mitatu, anaona anazungushwa. Anatokea mwingine anayesema ataweka saruji kidogo tu ndani ya chokaa ishike upesi. Huo mchanganyiko wa nusu kwa nusu tumeuona ukiharibika kuliko vyote viwili: haupumui kama chokaa, haushiki kama saruji, na saruji yenyewe huleta chumvi zake. Dawa tunayoijua ni moja. Weka chokaa shimoni mwaka huu kwa kazi ya mwaka ujao, na ufunge chumba kimoja kimoja kwa zamu, si nyumba nzima. Mwenye vyumba vitano akiwa na kimoja kwenye ukarabati kila kusi, baada ya miaka mitano nyumba nzima imepita mikononi mwa fundi na msimu wa wageni haujapotea hata mmoja.

Ikiwa saruji imeshapakwa, iondoe kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutoboa inayotikisa ukuta mzima. Bandua mpaka mita moja juu ya mstari wa unyevu. Kisha uache ukuta uchi. Watu hawapendi kulisikia hili, kwa sababu chumba hakipangishiki, lakini miezi mitatu ya kiangazi ndiyo inayoutoa unyevu. Chumvi itakayojitokeza ifagiliwe kavu kwa brashi na itolewe nje ya nyumba. Usiioshe. Ukiimwagia maji inarudi ndani ikalale.

Turudi kwenye vyoo. Nyumba ya zamani ilikuwa na choo kimoja au viwili, na birika la kuogea lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yalichotwa kwa kata, kwa hiyo yaliyoanguka sakafuni yalikuwa kidogo. Nyumba hiyohiyo ikiwa na vyumba sita vyenye bafu la mvua kila kimoja, maji yanayopita ndani ya kuta zake yameongezeka mara nyingi, na shimo la chini ni lilelile lililochimbwa kwa familia moja. Vichochoro ni vyembamba, visima viko palepale, na nafasi ya mita 15 kati ya shimo la choo na kisima haipatikani. Shimo likifurika, kinachofurika kinakwenda kwenye kisima cha jirani.

Kwa hiyo tunapoulizwa nyumba iwe na vyumba vingapi vya wageni, tunaanza kuhesabu kutoka shimoni kwenda juu. Mabafu yapangwe moja juu ya jingine, yatumie bomba moja la kushukia. Bomba lipite nje ya ukuta, kiwandani (yaani uani), linapoonekana, hata kama mchora ramani atasema linaharibu sura. Bomba lililochimbiwa ndani ya ukuta likivuja, hutajua mpaka chumvi ikwambie, na hapo miaka miwili imepita. Sakafu ya bafu la juu iwe na mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu. Kiyoyozi nacho, ukikiweka, maji yake yaongozwe kwa mpira hadi kwenye ndoo au bombani. Tumeona kiyoyozi kimoja kikidondosha tone tone juu ya ukuta wa zidaka za karne ya 18 kwa misimu miwili, na safu mbili za chini za nakshi zikawa unga.

Dari ni somo jingine, na ni la hesabu za shule ya msingi. Chumba cha Lamu kina upana wa mita mbili na nusu, pengine 2.8, kwa sababu hapo ndipo boriti ya mkoko inapofika ikibeba bila kupinda. Boriti ni mti wa unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi; mwembamba kuliko huo ni mazio, kisha pau, kisha fito, na kila mmoja una kazi yake. Juu ya boriti hulala mawe bapa, na juu yake kokoto na chokaa iliyopondwa. Dari ya unene wa sentimita 30 ina uzito wa karibu nusu tani kwa kila mita ya mraba kabla hujaweka hata mkeka. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na limekaa juu ya mita moja ya mraba. Umeitwisha boriti mara tatu ya ilichozoea, tena mahali pamoja. Weka matangi madogo juu ya makutano ya kuta nene, kwenye magogo yanayovuka kutoka ukuta hadi ukuta, au uliache tangi kubwa kiwandani na upandishe maji kwa pampu.

Boriti huoza ncha zake, pale zinapoingia ukutani. Chukua bisibisi, uichome kwenye ncha. Ikizama zaidi ya sentimita moja, boriti hiyo imekwisha hata kama katikati inang'aa kwa rangi. Ibadilishe moja moja, baada ya kuegemeza dari kwa nguzo pande zote mbili. Mkoko wa kuweka uwe umebanduliwa gome na kukaushwa kivulini. Wadudu hujificha chini ya gome. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti ya Lamu, na bado kuipata kwa halali kunategemea vibali. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti nchini, mikoko nayo iliingia humo, na waliokuwa wamefungua dari ikawabidi wasubiri. Mwenye nyumba mwenye busara huwa na boriti zake chache kavu zimelazwa darini akiba. Asiyekuwa nazo hukimbilia chuma, na chuma kwenye hewa ya bahari hufanya kutu, kutu inavimba, ukuta unapasuka hasa palipotakiwa kushikiliwa.

Hayo ni mawe na miti. Yapo ambayo patasi haiyafikii.

Mji Mkongwe wa Lamu ulitangazwa kulindwa kisheria mwaka 1986 na ukaingia kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Haukuorodheshwa kwa mawe peke yake. Ulitambuliwa kama mji wa Waswahili ambao watu bado wanauishi, mji wa elimu ya dini na wa Maulidi yanayowaleta watu kutoka pwani nzima. Ukuta ukilindwa na wenye kusoma Maulidi wakahama, sehemu ya kilichoorodheshwa imeondoka bila jiwe kuanguka. Dalili zake ni ndogo. Baraza za dakani zinafungwa kwa mnyororo ili wapita njia wasikae. Wikio, lile daraja linalounganisha nyumba mbili za ndugu juu ya kichochoro, linazibwa kwa sababu upande mmoja umenunuliwa. Msikiti wa mtaa unabaki na nusu safu alfajiri. Maiti ikitoka, hakuna vijana wa mtaa wa kulibeba jeneza; waitwe kutoka Langoni, mtaa mwingine wa mji.

Tumefikia kuamini kuwa kupangisha ni bora kuliko kuuza, na kwamba familia ibakize angalau ghorofa moja, ya chini au ya juu. Nyumba ambayo mama mwenye nyumba bado anapika ndani yake hupata dawa ya uvujaji siku hiyohiyo, kwa sababu unamdondokea yeye. Mkataba usiwe wa karatasi moja. Uandikwe kwamba plasta ni ya chokaa tu, kwamba hakuna ukuta wa ndani utakaobomolewa, kwamba mlango, mfaa wake (nguzo ya katikati), na zidaka ni mali isiyohamishika hata mkataba ukiisha, na kwamba kazi yoyote ipite kwanza kwa ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kwa kaunti. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 iko upande wa mwenye kuhifadhi, lakini ofisi haiwezi kuingia kila nyumba. Kifungu cha mkataba kinakaa ndani ya nyumba usiku na mchana. Milango mingi ya pwani hii iliondoka kwa kukosa sentensi moja iliyoandikwa.

Jengo kubwa linaweza kubadilishiwa kazi na likabaki la watu. Ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa 1821, ilifanywa gereza mwaka 1910 na ikabaki hivyo hadi 1984, ndipo Makumbusho wakaipokea. Leo mgeni hulipa kiingilio, na uani mwake wenyeji hufanya mikutano na maonyesho yao. Uwanja wa mbele, chini ya miti, umebaki wa mji. Kule Gedi, karibu na Malindi, mambo ni tofauti, kwa maana mji ule ulihamwa tangu karne ya 17 na hakuna wa kuombwa ruhusa ila miti. Ila Gedi inatufundisha jambo tunaloliheshimu sana. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya vifukofuko vyao, kutoka kwa wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuwauza ng'ambo. Pesa inaingia vijijini, msitu una sababu ya kuachwa, na hakuna aliyelazimika kuongeza choo ndani ya kuta za kale. Gedi iliingia kwenye orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2024. Wageni wataongezeka, na wenzetu wa huko waanze kuhesabu nyayo juu ya kuta fupi sasa hivi, kwa kuwa mgeni akitafuta picha hupanda juu ya ukuta, na ukuta wa chokaa usio na dari hulegea kwa juu.

La pesa tulimalize upesi. Wageni hawategemeki. Mwaka 2011 walipotekwa watu visiwani humu, 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, 2020 kwa korona, nyumba zilikaa tupu miezi na miezi, na dari hazikusitisha kuvuja. Fungu la ukarabati litengwe kila usiku mgeni anapolipa, sisi twasema moja ya kumi, liwekwe mbali na pesa ya matumizi. Anayengoja faida ya mwisho wa mwaka ndipo atengeneze, atakuta mwaka ulioharibika ndio uleule ambao dari ilipasuka.

Machi, kabla ya masika, panda darini asubuhi jua likiwa la chini, maana hapo ufa hutupa kivuli na huonekana. Safisha mifereji, ondoa kila mche wa mtini ukiwa bado una majani mawili. Mizizi yake ikishaingia kwenye jiwe hutaing'oa bila kung'oa jiwe. Ziba nyufa kwa uji wa chokaa, si lami. Kisha mwaga ndoo mbili za maji juu ya dari na uende chini, ukasimame msanani, uangalie boriti.